Mkate wa Sinia ni wa Wote, Maelezo Yale ni Yangu

Aliyeyachukua maelezo yangu ya mkate wa sinia alisahau kuiondoa kusi, ule upepo wa msimu wa kwetu pwani. Ukurasa wake ni mkubwa, wafuasi wake ni wengi kuliko wangu, na yeye anaishi na kupikia mji wa bara, mbali na bahari. Hata hivyo, pale baada ya hamira na kabla ya iliki, alikuwa ameandika: "Kusi ikivuma rojo hukawia kuumuka, basi lifunike kwa kitambaa kizito ulisogeze karibu na jiko." Sentensi hiyo niliiandika mimi, mwezi wa Julai, jikoni kwetu Kibokoni, Mombasa, dirisha liko wazi na upepo unaingia utakavyo. Huko aliko yeye hakuna anayepangia mapishi yake kwa kusi wala kwa kaskazi.

Picha nayo ilikuwa yangu. Aliikata pembeni ili jina langu lisionekane, lakini sinia ni lile la nyumbani kwetu, lililobonyea ukingo mmoja, na kitambaa cha meza ni changu.

Nilimwandikia faraghani, kwa adabu, nikampelekea kiungo cha chapisho langu pamoja na tarehe yake. Jibu likaja usiku: "Dada, mapishi hayana mwenyewe. Kwani ni wewe uliyeuvumbua mkate wa sinia?"

Sikumjibu usiku ule. Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani mwenyewe, na nilitaka nilijibu kwanza moyoni mwangu kabla sijamjibu yeye.

Kwa asiyeujua, mkate wa sinia ni mkate wa mchele. Mchele unarowekwa usiku kucha, asubuhi unachujwa maji na kusagwa pamoja na tui zito, sukari, hamira na iliki. Rojo linaachwa liumuke, linamiminwa ndani ya sinia au sufuria iliyopakwa samli, moto mdogo chini na makaa juu ya kifuniko. Zanzibar wanauita mkate wa kumimina. Kwetu haukosi kwenye futari ya Ramadhani, na siku nyingine huliwa na chai ya jioni au hupelekwa kwa mgonjwa. Kinachowaharibia watu wengi ni usagaji. Blenda ya nyumbani huacha chenga, na chenga zikibaki mkate hulala chini, ukawa mzito na mbichi katikati.

Khalati, dada yake mamangu, ndiye aliyenifunza. Hana kikombe cha kupimia wala mizani. Mchele wake ni wa kiganja, tui ni la nazi mbili "zikiwa nene", hamira ni ncha ya kijiko. Kujua kama mchele umesagika hatazami kwa macho, anatia vidole viwili ndani ya rojo na kulisugua polepole baina ya kidole gumba na cha shahada. Akisikia kitu mfano wa mchanga laini, anarudisha lote kwenye blenda. Mimi nilikaa naye na daftari. Kila alipotaka kumimina nilimshika mkono: "Ngoja, Khalati, nipime." Nikakimimina kilichomo mkononi mwake ndani ya kikombe, nikaandika, nikamrudishia. Alichoka na mimi. "Mwanangu, wanichelewesha, na hili rojo halikungojei wewe."

Kazi ya mwandishi wa mapishi iko hapo, na ndiyo watu wasiyoiona. Mkono wa mtu aliyepika tangu utotoni unageuzwa kuwa vikombe viwili vya mchele, kikombe kimoja na robo cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko kidogo cha hamira. Kisha unaupika peke yako, yeye hayupo, na unagundua kwamba vipimo peke yake havitoshi. Unalazimika kutafuta maneno ya kumweleza mtu wa Eldoret au wa Muscat, ambaye hatakaa kando ya Khalati maishani, jinsi vidole vinavyosikia chenga. Maneno hayo hayakuwahi kuwapo. Khalati hakuyasema, alionyesha tu. Niliyatafuta mimi, nikayafuta, nikayaandika tena.

Kwa hiyo nilipolirudia swali la yule bwana, nikaona amesema kweli nusu.

Chakula cha Mombasa hakina mvumbuzi mmoja, na anayedai kuwa ndiye anajidanganya. Viazi karai vinavyouzwa kila kona ya Mji wa Kale na Majengo, kiazi chenyewe asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Pilipili ya kwenye ukwaju inayomiminwa juu yake nayo ni ya Amerika, sawa na muhogo wa kachri na mahindi ya sima, na mimea hii ilienea pwani zetu baada ya Wareno, hao hao walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593. Biriani, bhajia, sambusa na chapati zimevuka Bahari ya Hindi. Halwa tumeshirikiana na Omani. Nazi, iliki, mdalasini na karafuu kila kimoja kina safari yake. Wanawake waliovichanganya vitu hivi mpaka vikawa chakula cha kwetu hawakuacha majina yao popote. Nikisema mkate wa sinia ni wangu nitakuwa nimewaibia wao.

Sheria nayo inakubaliana naye katika nusu hiyo. Hapa Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayosimamiwa na bodi ya KECOBO. Inalinda maandishi, picha, muziki, filamu, rekodi za sauti na kazi nyingine za namna hiyo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu hakimiliki na haki za namna hiyo, ambao Kenya imo ndani yake tangu 1995, unaeleza katika kifungu cha 9 kwamba kinacholindwa ni namna jambo lilivyoelezwa. Wazo, utaratibu na njia ya kufanya kitu havimo. Marekani wamelisema jambo hili waziwazi kwa upande wa mapishi: orodha tupu ya mahitaji haina hakimiliki, lakini maelezo marefu na picha zinazokwenda nayo zinaweza kuwa nayo. Mwaka wa 1996 mahakama ya rufani ya Chicago ilifuata njia hiyo katika kesi ya mapishi yanayotumia mtindi. Vikombe viwili vya mchele si mali ya mtu. Anayetaka kuvitumia avitumie.

Nusu ya pili ndiyo aliyoiruka. Ile sentensi ya kusi ni maandishi. Lile fungu la vidole na chenga ni maandishi. Picha ni picha. Vyote hivi vilikuwa na mwenyewe tangu nilipoviandika na kuvipiga, bila kusajili popote, ingawa usajili wa KECOBO humsaidia mtu siku anapotakiwa kuonyesha ushahidi. Haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuna dhana moja imezagaa miongoni mwetu tunaoandika mapishi, kwamba ukibadilisha vitu vitatu katika mapishi ya mwenzako basi yamekuwa yako. Nimeisikia kwa watu wengi, hata kwa wanaofunza wenzao. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ukiweka maziwa mahali pa tui, vanila mahali pa iliki, ukapunguza sukari, kisha ukayaacha maelezo yangu neno kwa neno, umeubadilisha mkate na umeyachukua maandishi.

Nilimjibu hayo, bila ya matusi. Hakujibu. Basi nikajaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya mtandao wenyewe. Fomu hizo zipo kwa sababu ya sheria ya Marekani ya 1998 iitwayo DMCA, na marekebisho ya 2019 ya sheria yetu nayo yaliweka utaratibu wa kumtaka mtoa huduma ya intaneti aondoe kazi iliyochukuliwa. Kilichonifaa ni kwamba sifuti picha asili. Ninayo faili nzima kama ilivyotoka kwenye simu, ukubwa wake kamili, tarehe na saa, pamoja na nyingine za sinia lile lile zilizopigwa pale pale, mwanga ule ule. Aliyeichukua picha mtandaoni ana moja tu, ndogo, iliyokatwa. Nawashauri wenzangu wasione uzito kuhifadhi hata rasimu za maandishi. Daftari langu la jikoni lina madoa ya samli kila ukurasa na ndilo ningeanza kulitoa kama ningeitwa mbele ya hakimu.

Picha iliondolewa. Maandishi aliyageuza mwenyewe baadaye, kusi ikatoka, vidole vikatoka. Vipimo vimebaki vile vile mpaka leo, na hapo sina dai naye.

Lakini nilipomsimulia Khalati, yeye hakushughulika na kusi wala picha. Alikuwa anachambua mchele, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Wewe mkate huu uliupata kwa nani?"

"Kwako, Khalati."

"Na umeandika hivyo?"

"Nimeandika, juu kabisa, kabla ya mahitaji."

"Na yeye, aliponakili, hapo amepaandika?"

Nilirudi kutazama. Kila kitu alikuwa amekichukua isipokuwa mstari ule wa kwanza, uliosema kwamba mkate huu nimefunzwa na khalati yangu wa Kibokoni, na yeye alifunzwa na mamake. Mstari huo mmoja ndio aliouona hauna kazi.

Tangu siku ile nimeliona tatizo letu kwa namna nyingine. Sheria inamjua mwandishi, na mimi ni mwandishi, kwa hiyo nina fomu ya kujaza. Sheria inaijua pia jamii: Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Usemi wa Kitamaduni ya 2016 inakubali kwamba maarifa ya jamii ni ya jamii, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista yake. Khalati yuko katikati. Hakuandika kitu, kwa hiyo si mwandishi. Ni mtu mmoja, si jamii. Mkono wake ndio uliolipata rojo sawasawa, ndio uliojua kwamba makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, lakini hakuna fomu atakayoijaza. Kinachoweza kumfikia ni jina lake kutajwa na, inapowezekana, malipo. Basi anayelifuta jina hilo amemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho ndani ya habari ile, na hakuna atakayemwondolea chapisho kwa kosa hilo.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka wa 2021 kampuni ya Bloomsbury ya Uingereza ilikiondoa sokoni kitabu cha mapishi cha mpishi Elizabeth Haigh, baada ya Sharon Wee wa Singapore kulalamika kwamba mapishi na maelezo ya kitabu chake cha 2012 yamenakiliwa au kusemwa upya bila idhini yake. Wee alieleza kwamba kitabu chake alikiandika kwa kumkumbuka mamake, na kwamba habari zilizomo ni za mamake na wanawake wa rika lake. Niliposoma hayo nilimwelewa mara moja. Nyonya wa Singapore, yaani wanawake wa jamii ya Peranakan kama mamake Wee, na Waswahili wa Mombasa hatujuani, lakini mtu anayekaa na mamake au khalati yake kumwandikia vipimo anajua ni nini hasa kinachouma.

Wenzangu tunaoandika mapishi tunagombana sana sisi kwa sisi. Huyu kaniibia kichwa cha habari, yule kaiga video yangu ya katlesi. Mengine ni ya kweli na yanastahili kulalamikiwa. Ila nikipita kwenye kurasa hizo hizo zinazolalamika, naona "mbaazi za nazi za kwetu", "siri ya biriani la Mombasa", "achari ya pwani", wala hakuna hata mtu mmoja aliyetajwa. Siri ya nani? Biriani hilo uliliona likipikwa na nani? Mwenye kuandika anajua vizuri alisimama kwenye jiko gani. Ni kweli wapo wasiotaka kutajwa, na mwenye haki ya kuamua hilo ni wao. Mwandishi anaposhika kalamu bila kuwauliza amekwisha kuwaamulia.

Kuna mama anayeuza mahamri na mbaazi Majengo, ambaye nilimwendea kwa kuwa mahamri yake hubaki laini hata yakipoa, jambo ambalo wanaopika mahamri wanajua si dogo. Nilikula kwake mara kwa mara kabla sijamwambia ninachotaka. Nilipomwambia hakukasirika. Alinikaribisha alfajiri, nikaona anavyokanda, anavyoacha unga uumuke mara mbili, anavyousukuma bila kuufanya mwembamba mno, na anavyoyarushia mafuta ya moto juu kwa mwiko mpaka yakafura. Nilipofungua daftari kuandika vipimo akaniwekea mkono juu ya ukurasa.

"Andika jina langu, na hapa nilipo andika, waje. Ila tui na hamira usiwaandikie. Haya mahamri ndiyo yanayonisomeshea wanangu."

Niliandika kama alivyotaka. Nilieleza ukandaji, muda, joto la mafuta, jinsi ya kujua kwamba karai iko tayari kwa kutupia kipande kidogo cha unga kikapanda juu mara moja. Mahali pa vipimo vya tui na hamira niliandika kwamba hivyo ni vyake na hakuniruhusu. Baadhi ya wasomaji walinilaumu kwamba nimewapa nusu ya mapishi. Nikawajibu waende Majengo wakale. Wengine walikwenda.

Wapishi wa biriani la harusi ndivyo walivyo tangu zamani. Mpishi anafika na masala yake yameshasagwa nyumbani, yamefungwa, na wasaidizi wake wa miaka mingi wanakaanga vitunguu, wanachuja mtindi, wanapalia makaa, lakini mchanganyiko wenyewe hawaujui. Sioni uchoyo hapo. Kilichofichwa kina ulinzi wake kwa kufichwa kwake, na anayekitoa hadharani akitoe kwa hiari yake. Kijana anayejificha na simu nyuma ya sufuria za harusi kumrekodi mpishi anapima masala, kisha akairusha video kwa jina lake, hana tofauti na aliyekata jina langu kwenye picha.

Mimi sasa nina mazoea yangu. Juu ya kila andiko naandika nimelipata kwa nani na wapi. Kama nimebadilisha, nasema nimebadilisha nini: samaki wa kupaka wa nyumbani kwetu ulikuwa wa ndimu, mimi naupika kwa ukwaju, na nimesema ukwaju huo niliuonja kwa jirani yetu. Kama mahali fulani nimesoma maelezo mazuri ya mwenzangu, naweka kiungo chake, kisha nafunga ukurasa wake, naingia jikoni, napika, na naandika yale niliyoyaona kwenye sufuria yangu. Ukiandika huku umefungua ukurasa wa mwenzako, maneno yake yataingia hata kama hukukusudia. Na mama wa mahamri nilimlipa kwa asubuhi yake kama ambavyo ningemlipa fundi yeyote aliyenipa saa zake.

Hivi karibuni kijana mmoja wa Likoni anayetengeneza video za mapishi aliniandikia: "Dada, naomba ruhusa nipike ule mkate wako wa sinia." Nilifurahi kuulizwa. Nikamwambia vipimo avichukue, havihitaji ruhusa yangu. Maneno ayaseme yake, picha apige zake, na Khalati atajwe.

Aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Kwao hakuna makaa, wana oveni ya gesi, na mkate ulikuwa ukiiva pembeni na kubaki mbichi katikati. Akajaribu kuipasha sinia kwanza ndani ya oveni pamoja na samli, ndipo akamimina rojo likalia, kisha akapunguza moto. Ukatoka umeiva mpaka katikati na chini una rangi ya dhahabu. Hilo mimi sikuwa nalo. Nimeliongeza kwenye andiko langu, na jina lake liko pale pale nilipoliongeza.

Kabla hajarekodi alipiga simu kuuliza Khalati angependa atajwe kwa jina gani. Nikampa simu mwenyewe. Khalati akataka litajwe kwanza la mamake, kwani ndiye aliyemfunza. Kijana akalitaja, akataja la Khalati, akataja langu, kisha akaanza kusaga mchele.